Bahari Isiyo na Mlinzi

Katika ofisi nyingi za vikosi na vituo vya polisi hutundikwa ukutani ramani ya Tanzania na majirani zake. Askari aliye zamu akiitazama ramani hiyo ataweza kuwahesabu majirani 8 wa nchi kavu bila kusita: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Upande wa mashariki jicho lake hukutana na rangi ya buluu, na mara nyingi hesabu huishia hapo, kana kwamba buluu hiyo ndiyo mwisho wa dunia.

Lakini ng'ambo ya buluu hiyo wapo majirani wengine. Komoro na Shelisheli zinapakana na Tanzania majini, na mwaka 2012 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba kuhusu mahali mipaka yao ya bahari inapokutana. Kaskazini zaidi, baada ya Kenya, ipo Somalia. Nchi hiyo haipakani na Tanzania, lakini maji yake na maji ya Tanzania ni ya bahari moja, na mambo yaliyotokea katika pwani yake yamewagusa majirani wote. Historia ya bahari hiyo katika miaka zaidi ya 30 iliyopita ina mafunzo makubwa kwa kila mtu aliyekabidhiwa silaha na sheria ili azilinde mali za taifa. Na ili mafunzo hayo yaeleweke, hapana budi kwanza kujua ni kitu gani hasa kinacholindwa pale mlinzi anapopewa bahari ailinde.

Yapo mawazo ya zamani kwamba bahari ni njia ya meli na mahali pa wavuvi, basi. Mawazo hayo ni mafupi mno. Bahari imefunika kiasi cha sehemu 71 katika kila 100 za uso wa dunia, na inashika kama sehemu 97 katika kila 100 za maji yote yaliyopo. Karibu nusu ya hewa ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka hutengenezwa baharini. Kazi hiyo hufanywa zaidi na vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelea karibu na uso wa maji, vikapokea mwanga wa jua na kujitengenezea chakula kama yafanyavyo majani ya muembe. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya oksijeni hiyo hutumiwa na viumbe wa humohumo baharini. Hata hivyo, hewa ambayo binadamu anaivuta leo ilianza kujengwa na viumbe wadogo wa majini mamilioni mengi ya miaka kabla mti wa kwanza haujaota juu ya nchi kavu.

Aidha, bahari ndiyo inayoizuia dunia isichemke. Katika joto la ziada lililosababishwa na moshi wa viwanda, magari na uchomaji wa makaa ya mawe, bahari imekwisha kumeza zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Imemeza pia kiasi cha robo ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Laiti isingekuwa hivyo, mashamba mengi ambayo leo yanavunwa yangekuwa yamekwisha kuungua.

Tena bahari ndiyo kisima cha mvua. Mkulima wa Songea au mfugaji wa Simanjiro huenda hajapata kuiona bahari tangu azaliwe, lakini sehemu kubwa ya mawingu yanayomnyeshea hupata maji yake katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wataalamu walitangaza kwamba bahari hiyo ina tabia ya kupandisha joto upande mmoja na kulishusha upande mwingine, mfano wa mizani. Upande wa magharibi, yaani wa Afrika, ukipata joto zaidi, mvua za vuli katika Afrika Mashariki huzidi kipimo. Upande wa mashariki, karibu na Indonesia, ukipata joto zaidi, mvua hizo huwa haba.

Mizani hiyo si habari ya vitabuni tu. Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wa magharibi ulipata joto kupita kiasi. Mto Shebeli ukafurika na kuuzamisha mji wa Beledweyne nchini Somalia. Katika kaunti ya West Pokot nchini Kenya milima iliporomoka usiku wa Novemba na kuwafukia watu katika nyumba zao. Mvua ziliendelea, na mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Viktoria kikavuka rekodi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1964. Kisha mizani ikageuka. Kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, Bahari ya Pasifiki ikiwa katika hali iitwayo La Niña, misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo nchini Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa mamilioni.

Sasa na ieleweke jinsi jambo lililoanzia baharini linavyoishia katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Malisho yakikauka, wafugaji huhama. Wakihama, hukutana na wengine kwenye kisima kimoja. Wakikutana wakiwa na bunduki, damu humwagika, na wezi wa mifugo hupata nafasi. Mwezi Februari 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya majambazi na wezi wa mifugo katika kaunti za kaskazini na Bonde la Ufa. Ukame haukuwa sababu pekee, kwa kuwa ujambazi huo una historia ndefu na silaha haramu ni nyingi. Lakini hakuna kamanda aliyewahi kulinda amani kwenye malisho makavu asiyejua kwamba mvua ikikosekana, kazi yake huwa mara mbili.

Baada ya hewa na mvua, kuna chakula. Na hapa ndipo Somalia inapoingia. Kila mwaka, kuanzia kama mwezi wa Juni hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kandokando ya pwani ya nchi hiyo. Bahari huchafuka, na tangu zama za mababu manahodha waliziweka pwani jahazi zao wakasubiri. Mtu asiyejua angesema kwamba bahari imefunga mlango. Kumbe huo ndio wakati ambao bahari inaandaa karamu.

Nguvu ya kusi, ikichanganyika na mzunguko wa dunia, huyasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuko. Mfano wake ni mtu apulizaye uji wa moto bakulini: utando wa juu husogea kando, na uji wa chini ukatokeza. Maji yanayotokeza pwani ya Somalia hutoka kilindini, nayo ni ya baridi. Wakati mwingine joto lake hushuka chini ya nyuzi 20 katika eneo lililo karibu na ikweta. Maji hayo hubeba rutuba iliyotokana na mabaki ya viumbe yaliyozama kwa muda mrefu. Rutuba ikikutana na jua, vijimea huzaana kwa wingi usiosemeka. Wadudu wadogo wa majini huvila vijimea hivyo, dagaa na vibua huwala wadudu hao, na jodari, papa na nyangumi huja kula. Jodari hao hawana pasi ya kusafiria. Leo wapo Somalia, kesho wapo Shelisheli, mtondo wamefika Kenya, Tanzania na Msumbiji. Chakula cha bahari hizo zote kinategemeana.

Basi, hali hiyo ndiyo iliyoifanya pwani ya Somalia, yenye urefu unaozidi kilomita 3,000, kuwa mojawapo ya ghala za samaki za bahari hii. Na ghala hilo lilikuwa na mlinzi hadi Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Jeshi lilisambaratika, na kikosi cha wanamaji kikasambaratika nalo. Boti za doria zilibaki kuoza bandarini. Ghala likabaki wazi, mlango ukipigapiga kwa upepo.

Haikuchukua muda meli za uvuvi kutoka nchi za mbali zikaingia bila leseni. Zilikuja na nyavu kubwa na majokofu, zikavua usiku na mchana, na baadhi yake zikazikata nyavu za wavuvi wadogo. Mvuvi wa Eyl au Hobyo alipotaka kushtaki, hakuwa na kituo cha polisi cha kwenda wala hakimu wa kumsikiliza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo haukuzibwa. Watu wenye bunduki wakaanza kuzikamata meli na kudai malipo, wakijiita walinzi wa pwani. Huenda wachache miongoni mwao walianza na malalamiko ya kweli. Lakini jina halibadilishi kitendo. Mlinzi huapa, hutii sheria na hutoa hesabu kwa taifa. Mharamia huitia mfukoni fedha ya mateka. Punde si punde hawakuzitafuta tena meli za uvuvi, bali walikamata chochote kilichopita, hata meli za chakula cha msaada zilizokuwa zikiwapelekea Wasomali wenzao wenye njaa.

Wanajeshi wengi wanaikumbuka meli iitwayo Faina. Mwezi Septemba 2008 ilitekwa ikielekea Mombasa, na ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Ilikaa mikononi mwa maharamia hadi Februari 2009, ilipokombolewa kwa mamilioni ya dola. Hebu kila askari apime maana yake: vijana waliopanda mashua ndogo, wakiwa na bunduki na ngazi, walikamata vifaru vya kutosha kuunda kikosi kizima. Katika mwaka 2011 mashambulizi yaliyohusishwa na maharamia wa Somalia yalifika 237. Gharama za bima zilipanda, meli zilizunguka mbali, na mzigo huo ukamwangukia mlaji wa kawaida katika nchi jirani, ambaye hakuwahi kuiona Somalia wala kumdhulumu Msomali.

Ilibidi manowari za mataifa mengi zije, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa litoe maazimio, na meli za mizigo zibebe walinzi wenye silaha. Mahakama za Mombasa na za Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, zilisikiliza kesi za maharamia waliokamatwa mbali na mipaka ya nchi hizo. Kufika mwaka 2013 mashambulizi yalikuwa yameshuka hadi 15. Hata hivyo, ushindi huo haukuwa wa kudumu. Mwezi Desemba 2023 meli ya mizigo iitwayo Ruen ilitekwa, ikaokolewa na wanamaji wa India mwezi Machi 2024. Manowari za wageni zinaweza kumfukuza mharamia kwa muda. Ghala la samaki, mabaharia na haki ya mvuvi mdogo vinahitaji mlinzi wa nyumbani anayelala papo hapo.

Kwa upande wa pili, watazamwe Shelisheli. Nchi kavu yao yote haifikii kilomita za mraba 500, na watu wake ni kama wakazi wa mji mmoja wa mkoa. Lakini bahari yao inazidi kilomita za mraba milioni 1.3, eneo kubwa kuliko Tanzania nzima, bara na visiwani. Kulinda eneo kama hilo kwa watu wachache ni kazi ya kutisha. Hata hivyo hawakukaa wakalia. Tarehe 30 Machi 2010 meli ya walinzi wa pwani wa Shelisheli, iitwayo Topaz, iliwakabili maharamia na kuwaokoa mateka 27, wavuvi wa Shelisheli na mabaharia wa Iran. Na mwezi Machi 2020 serikali ya nchi hiyo ilikamilisha kutenga asilimia 30 ya bahari yake iwe chini ya hifadhi, ili samaki wapate mahali pa kuzaliana na taifa lipate cha kuvua kesho.

Shelisheli wanafahamu pia kwamba bunduki haizuii kila adui. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda mno, na sehemu kubwa sana ya matumbawe ya visiwa vyao vikuu ikafa. Miamba mingine ilipona kwa miaka mingi ya subira. Mingine iligeuka makonde ya mwani. Matumbawe ni nyumba ya samaki na ni ukuta unaoyavunja mawimbi yasiule ufuko. Joto hilo halikuletwa na mvuvi wa Shelisheli, na hakuna askari awezaye kulifunga pingu. Lakini mwamba usioparurwa na nyavu haramu wala kupasuliwa kwa baruti una nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko mwamba uliokwisha kuvunjwavunjwa.

Katika jambo la baruti Tanzania ina ushahidi wake yenyewe. Kwa miaka mingi milipuko ilisikika baharini kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo bila kuchagua, na huyasaga matumbawe yaliyochukua makumi ya miaka kukua. Semina na maonyo havikutosha. Lakini baada ya kikosi kazi cha polisi na vyombo vingine kuundwa mwaka 2015, na wauzaji wa baruti kufuatwa huko waliko badala ya kusubiriwa ufukoni, milipuko ilipungua sana katika miaka iliyofuata. Hivyo upelelezi wa polisi ulirudisha uhai chini ya maji.

Upo na mfano wa ushirikiano. Mwezi Machi 2009 meli ya uvuvi ya kigeni ilinaswa katika ukanda wa kiuchumi wa Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Wananchi waliwaita samaki hao kwa jina la waziri aliyehusika na uvuvi wakati huo, John Magufuli. Wengi hawakumbuki kwamba meli ya doria iliyowanasa wavuvi hao ilitoka Afrika Kusini, na ndani yake walikuwamo maofisa wa nchi jirani wakifanya kazi bega kwa bega. Aidha, si wengi wanaokumbuka kwamba hukumu ya kesi hiyo ilitenguliwa baadaye katika rufaa. Mafunzo yake ni mawili. Kwanza, bahari haichungwi na nchi moja. Pili, kumkamata mhalifu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jalada lililoandaliwa kwa kufuata sheria, hatua kwa hatua, hata mahakama ya juu kabisa isilikute na tundu.

Njia za ushirikiano zimekwisha kufunguliwa. Mwezi Januari 2009 nchi za bahari hii zilikutana Djibouti na kukubaliana kupashana habari na kusaidiana dhidi ya uharamia. Mwaka 2017 zilikutana Jeddah na kuupanua mkataba huo ugusie uvuvi haramu, magendo na uhalifu mwingine wa baharini. Tofauti bado zipo. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Oktoba 2021 kuhusu mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia ilikataliwa na Kenya. Mambo hayo yana wanasheria na wanadiplomasia wake. Lakini wakati mstari unabishaniwa, jodari wanaendelea kuuvuka, mawingu yanaendelea kuuvuka, na mhalifu naye anautumia kujificha. Busara ya majirani ni kutomwachia mhalifu faida ya ubishi wao.

Ndugu wasikilizaji, askari wa kikosi cha wanamaji akipigwa na mawimbi usiku kucha, au polisi akitembea ufukoni kukagua mashua, anaweza kujiuliza analinda nini katika maji yasiyo na nyumba, shamba wala mtu. Pwani ya Somalia imekwisha kujibu. Maji hayo yalipokosa mlinzi, mvuvi alinyang'anywa riziki, kijana akawa mharamia, na jirani aliye mbali akalipia. Katika maji hayo imo pumzi ya mwanadamu, mna mvua ya mkulima wa bara, na mna kitoweo cha watoto ambao bado hawajazaliwa.

Asubuhi askari huyo atakaporudi kituoni na kuitazama tena ramani ile ukutani, na aihesabu buluu pamoja na majirani wengine. Hiyo nayo ni nchi. Ina mali, ina mipaka, ina wevi wake, nayo inamngoja mlinzi wake afike zamu.